Kabla ya kuiamini mashine inayofundisha ubongo kutulia

Mhariri,

Kila baada ya muda huibuka habari kwamba wanasayansi wamepata mashine ya kufuta kiwewe. Mgonjwa, tunaambiwa, analazwa ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, anautazama ubongo wake mwenyewe kwenye skrini, anajifunza kuutuliza, kisha anatoka akiwa mzima. Habari ya namna hii ina punje ya ukweli, na ndiyo maana inapotosha kuliko uongo mtupu. Naomba nafasi nieleze punje hiyo ni ipi, kazi yenyewe hufanywaje, huharibikia wapi, na tafiti zinasema nini hadi sasa. Siibezi mbinu hii, iitwayo mrejesho wa ubongo, hata kidogo. Ila kati ya kutuliza kiungo kimoja cha ubongo na kumponya mtu kuna hatua kadhaa, na waandishi wengi huziruka zote kwa sentensi moja.

Kwanza, MRI haitibu. Haipeleki umeme wala dawa kichwani, inasoma tu. Ipo tiba nyingine inayotumia mapigo ya sumaku yanayoelekezwa kwenye fuvu ili kusisimua neva, nayo ni kitu tofauti kabisa ingawa magazetini huchanganywa na hii. Katika mrejesho wa ubongo kazi yote ni ya mgonjwa. Mashine humwonyesha mstari unaopanda na kushuka kufuatana na utendaji wa sehemu fulani ya ubongo wake, naye hujaribu fikra hii na ile mpaka aone ipi inausogeza. Matarajio ni kwamba baada ya mazoezi atabaki na ustadi huo hata skrini ikizimwa.

Kwa wenye msongo wa baada ya kiwewe, ugonjwa ambao hospitalini huitwa kwa herufi PTSD, sehemu inayolengwa zaidi ni amigdala. Ziko mbili, moja kila upande, ndani kabisa ya kichwa. Kazi yake mojawapo kubwa ni kunusa hatari na kuuamsha mwili ujihami. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kwa wagonjwa hawa amigdala huitikia kupita kiasi wanapokumbushwa tukio, huku sehemu za mbele za ubongo ambazo zingepaswa kuituliza zikiwa zimelegea. Dalili mnazijua: kumbukumbu zinazovamia bila kuitwa, jinamizi, kukwepa watu na mahali, kushtukashtuka, moyo kufa ganzi. Ugonjwa uliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na kwa mujibu wa mwongozo huo wa sasa dalili lazima zidumu zaidi ya mwezi mmoja.

Kazi huanza siku kadhaa kabla ya MRI. Mtaalamu humhoji mgonjwa kwa kipimo cha CAPS-5, mahojiano ya vipengele 30, ambapo dalili 20 hupewa kila moja alama 0 hadi 4, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 80. Mgonjwa naye hujaza PCL-5, fomu ya maswali 20 yenye alama za mtindo huohuo. Alama hizi ndizo zitakazotumika mwishoni kuamua kama amepata nafuu, hivyo zikichukuliwa ovyo mwanzoni hakuna kitakachoeleweka baadaye. Dawa zake zisiguswe kwa wiki kadhaa kabla ya mafunzo na wakati yanapoendelea. Ukimwongezea sertraline, dawa mojawapo ya ugonjwa huu, katikati, halafu akapata nafuu, hutajua umshukuru nani. Hata kahawa idhibitiwe siku ya kikao: kafeini hubana mishipa ya damu ya ubongo, na kinachopimwa na MRI katika kazi hii ni damu.

Ukaguzi wa chuma mwilini, kwa wagonjwa wa aina hii, usichukuliwe kama fomu ya kutia tiki. Wengi wao wamenusurika milipuko, risasi au ajali mbaya. Kichembe cha chuma kilichobaki jichoni kinaweza kuvutwa na sumaku yenye nguvu ya tesla 3 na kumpofusha mtu. Mwenye historia ya mlipuko, au aliyefanya kazi ya kusaga na kuchomelea vyuma, apigwe eksirei ya macho kwanza. Vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo na vya usikivu vilivyopandikizwa vikaguliwe aina na modeli, kimoja kimoja, kwa sababu vipo vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa.

Halafu ipo mashine yenyewe. Tundu lake lina upana wa sentimita 60 au 70, kelele zake zinaweza kupita desibeli 100, na mlio wa baadhi ya picha hufanana na bunduki. Mtu aliyewahi kufungiwa, kufukiwa na kifusi au kushambuliwa anaweza kushikwa na hofu kali kabla mafunzo hayajaanza. Vituo makini humzoesha kwanza katika mashine ya mfano isiyo na sumaku, humpa vizibo vya masikio na vipokea sauti juu yake, na humwachia mkononi mpira wa kuminya akitaka msaada. Akiuminya anatolewa mara moja, bila kubembelezwa amalizie.

Kingine kinachoandaliwa mapema ni kichocheo. Mgonjwa na mtaalamu wake huandika simulizi fupi ya tukio, kwa wakati uliopo, yenye alichokiona, alichokisikia na alichokihisi mwilini, kisha husomwa na kurekodiwa. Vituo vingine hutumia maneno machache tu yanayomgusa mgonjwa huyo peke yake. Pamoja na simulizi hiyo huandaliwa nyingine ya urefu uleule kuhusu jambo la kawaida, ya kulinganishia.

Ndani ya mashine, picha ya kwanza ni ya umbo la ubongo, yenye vokseli za milimita 1, yaani vijichemraba vinavyounda picha. Ya pili ni ya kutafuta shabaha: mgonjwa husikiliza simulizi ya tukio na ile ya kawaida, na programu huchambua ni vokseli zipi ndani ya amigdala zilizoitikia tofauti. Wapo wanaoruka hatua hii na kuchora amigdala kwa kutumia ramani ya ubongo wa wastani. Huokoa dakika kadhaa, lakini naona ni uchumi wa kujidanganya, kwa kuwa ndani ya amigdala zimo sehemu zenye kazi tofauti, na ramani ya wastani haijui ipi ndiyo inayomsumbua mtu huyu.

Hapo ndipo mafunzo huanza. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 8 hadi 10, umekatwa vipindi vya sekunde 30 hadi 60: kupumzika, kukumbushwa tukio, kisha kujituliza huku akiutazama mstari. Mizunguko mitatu au minne inatosha kwa kikao kimoja; ukizidisha, mgonjwa anachoka. Usinzizi, kwa njia, ni tatizo kubwa kuliko linavyotajwa, kwa sababu hawa ni watu wasiolala vizuri usiku, na ukiwalaza chali gizani wataazima usingizi hapohapo. Lazima wafuatiliwe kwa kamera ya jicho. Mzunguko wa mwisho hufanywa bila mstari wowote, na mgonjwa huambiwa ajitulize kama alivyojifunza. Huo ndio mtihani. Ripoti isiyoutaja imeacha sehemu muhimu kuliko zote.

Mgonjwa aambiwe afanye nini akilini? Vituo vinatofautiana. Vingine humpa orodha: apumue taratibu, alitazame tukio kama mtu wa nje, ajikumbushe kwamba limepita, au alipe maana nyingine. Vingine humwachia agundue mwenyewe. Faida ya kumwachia ni kwamba kila ubongo una mlango wake. Hasara ni kwamba katika kikao cha kwanza wengi hukwama, na mtu aliyekwisha kujiona ameshindwa maishani anaona sasa hata kwa mashine ameshindwa. Ningeshauri apewe mikakati mitatu ya kuanzia na ruhusa ya kuitupa.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, maana hapa ndipo matangazo hunyamaza. MRI haioni neva zikifanya kazi. Neva zikichangamka, damu yenye oksijeni huletwa eneo hilo kwa wingi kuliko inavyotumika. Himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, iliyopoteza oksijeni hupungua pale, na kwa kuwa hiyo huvuruga kidogo uga wa sumaku, kupungua kwake hufanya picha ing'ae zaidi. Badiliko hili, ambalo Seiji Ogawa na wenzake walilieleza mwaka 1990, hufikia kilele sekunde 5 au 6 baada ya neva kuchangamka. Kwa hiyo mstari anaouona mgonjwa unaeleza fikra iliyokwisha kupita. Ni kama kuoga kwenye bomba ambalo maji ya moto huchelewa kufika: unazungusha, huhisi kitu, unazungusha tena, mara yanakuunguza. Asiyeelezwa ucheleweshaji huu hubadilisha fikra kila sekunde mbili na hajifunzi chochote. Dawa yake ni kumwagiza ashike mkakati mmoja kwa kipindi kizima, au kumwonyesha wastani mmoja mwishoni mwa kipindi badala ya mstari unaochezacheza. Naegemea njia hii ya pili, kwa kuwa kuutazama mstari nako ni kazi ya akili inayoingiliana na ile ya kujituliza.

Tatizo la pili ni udogo. Amigdala moja ina ujazo wa kama sentimita moja na nusu za mchemraba. Ukipiga picha ya vokseli za milimita 3, unapata vokseli hamsini na ushee tu. Badiliko la mwangaza linalotafutwa humo mara nyingi halifiki asilimia 1. Na eneo lenyewe lina jirani wabaya. Chini na mbele yake kuna matundu ya hewa ya mifupa ya uso na sikio, na mahali hewa inapokutana na tishu uga wa sumaku hupinda, picha hupotoka au hufifia kabisa. Fundi anayejua kazi huinamisha vipande vya picha, huvifanya vyembamba, hupunguza muda wa kusubiri mwangwi, yaani ishara inayorudi kutoka kwenye ubongo, na hukagua kwa macho yake kama amigdala inaonekana kabla ya kuendelea. Pembeni yake pia hupita mshipa mkubwa wa vena unaokusanya damu kutoka sehemu nyingine za ubongo. Ishara ya mshipa huo ikichanganyika na ya amigdala, mgonjwa anaweza kuwa anafunzwa kuutawala mshipa.

La tatu ni pumzi, na hili linawatega hata watafiti. Mtu akizuia pumzi, hewa ya kaboni huongezeka katika damu, mishipa ya ubongo hutanuka, na ishara hupanda ubongo mzima. Akipumua kwa haraka na kwa kina, hushuka. Mgonjwa mwerevu hugundua bila kukusudia kwamba akipumua namna fulani mstari unatii. Amefaulu mchezo, lakini amigdala yake haijaguswa. Kwa hiyo kila kikao lazima kiwe na mkanda wa kupima pumzi tumboni na kipimo cha mapigo kwenye kidole, na programu iondoe kwenye ishara ya amigdala ile ya eneo jingine la kulinganishia kabla ya kumwonyesha mgonjwa mstari. Mwendo wa kichwa nao ni hivyohivyo: ukisogea milimita 3 umehama vokseli nzima. Programu husahihisha mwendo kadiri picha zinavyoingia, kila sekunde 2 au chini ya hapo, lakini masahihisho hayo yana mpaka, na wenye hofu hukaza taya na shingo pale pale simulizi inapoanza. Mwendo unaolingana na kichocheo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa hujifanya matokeo.

Kwa sababu hizo zote, utafiti usio na kundi la ulinganisho katika fani hii haumwambii mtu kitu kikubwa. Na kundi lenyewe liwe la kweli. Watu waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri hawatoshi, maana anayeingia kwenye mashine ya kifahari, akihudumiwa na wataalamu watano wenye makoti meupe, ana haki ya kujisikia nafuu hata kama mstari ni wa uongo. Njia nzuri ni kumwonyesha mgonjwa wa kundi la pili mstari uliorekodiwa kutoka kwa mgonjwa mwingine, au unaotoka sehemu ya ubongo isiyohusika na hisia, huku yeye na anayempima dalili wote wawili hawajui. Kila njia ina kasoro yake. Mstari wa mtu mwingine hautii, na mgonjwa anaweza kukata tamaa au kung'amua. Bado ni afadhali mara mia kuliko kutokuwa na ulinganisho.

Tafiti zimeonyesha nini? Mwaka 2011 kikundi cha Tulsa, Marekani, kilionyesha kuwa watu wenye afya wanaweza kuupandisha utendaji wa amigdala ya kushoto wakikumbuka mambo mema ya maisha yao. Mwaka 2017 mbinu hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa sonona: kati ya 19 waliofunzwa amigdala, 12 walipungukiwa dalili kwa zaidi ya nusu, dhidi ya 2 kati ya 17 waliofunzwa sehemu nyingine ya ubongo. Hayo ni matokeo mazuri, lakini ni ya sonona. Mwaka huohuo, watafiti wa Kanada wakiongozwa na Andrew Nicholson na Ruth Lanius walichapisha kazi ya wagonjwa 10 wa kiwewe waliofaulu kuishusha amigdala wakitazama maneno yanayowagusa, na wakaendelea kufaulu mrejesho ulipoondolewa. Walikuwa wachache, na hawakuwa na kundi la ulinganisho.

Jaribio ninalolipa uzito zaidi ni la Chuo Kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 2023. Wagonjwa 25 walimaliza vikao vitatu. 14 walionyeshwa ishara ya kweli ya amigdala zao baada ya kusikiliza simulizi za matukio yao, na 11 walionyeshwa ishara ya uongo, bila wao wala wapimaji kujua nani yuko wapi. Siku 30 baadaye, waliopata ishara ya kweli waliitawala amigdala vizuri zaidi kuliko wenzao, kwa tofauti ya kitakwimu, yaani isiyoelekea kuwa ya bahati tu. Dalili za ugonjwa zilipungua katika makundi yote mawili. Lakini kupungua kwa kundi la kwanza hakukuzidi kwa maana ya kitakwimu kule kwa kundi la pili.

Naomba msomaji aisome tena aya hiyo taratibu. Ubongo ulijifunza, kweli. Nafuu ilipatikana, kweli. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba nafuu ilitokana na kule kujifunza. Huenda watu 25 ni wachache mno kuonyesha tofauti. Huenda vikao vitatu ni vichache. Huenda pia kusikiliza simulizi ya tukio lako mara kadhaa mahali salama ni tiba tosha yenyewe; sisi tunaoifahamu tiba ya kukabili kumbukumbu hatuwezi kulishangaa hilo. Jaribio kubwa zaidi ndilo litakaloamua. Anayewaambia wasomaji wenu kwamba limekwisha kuamuliwa anauza kitu.

Lipo na fumbo jingine ambalo sijaona likiandikwa magazetini. Wapo watafiti wanaowafunza wenye kiwewe kuishusha amigdala wakikumbuka tukio baya, na wapo waliowafunza askari wastaafu kuipandisha wakikumbuka mambo mema, kama ilivyochapishwa kutoka Tulsa mwaka 2018. Pande zote mbili ziliripoti nafuu. Inawezekana zote ziko sahihi, kwa kuwa amigdala huitikia furaha pia, na tatizo la mgonjwa linaweza kuwa kukosa uwezo wa kuiendesha kuliko ukubwa wa mwitikio wake. Inawezekana vilevile kwamba amigdala ni mpita njia tu. Vyovyote iwavyo, mtu asikuambie kwamba utaratibu wa ugonjwa umekwisha kujulikana na kilichobaki ni kubonyeza kitufe.

Isitoshe, wagonjwa hawafanani. Ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la DSM-5 la mwaka 2013, unatambua aina ya ugonjwa ambayo mgonjwa hujitenga: hujiona yuko nje ya mwili wake, au dunia humwonekea kama ndoto. Kwa hawa, kazi za Lanius na wenzake zimeonyesha kinyume cha picha ya kawaida, yaani sehemu za mbele za ubongo zinabana mno na hisia zinazimwa. Mtu wa namna hiyo ukimfunza kuishusha amigdala zaidi, unaweza kuwa unamfunza ugonjwa wake. Na kwenye skrini ataonekana mwanafunzi bora kuliko wote! Ndiyo maana maswali ya kujitenga yaulizwe kabla ya kikao cha kwanza na baada ya kila mzunguko, kwa sauti, kupitia maikrofoni: uko wapi sasa, leo ni siku gani, unaihisi miguu yako? Anayechelewa kujibu asiendelee. Na hakuna mgonjwa wa kuruhusiwa kuondoka kabla mtaalamu hajakaa naye mpaka atulie, awe na namba ya kupiga usiku ule jinamizi likirudi, na apigiwe kesho yake.

MRI ni ghali na haihamishiki, kwa hiyo watafiti wa Tel Aviv chini ya Talma Hendler walibuni njia ya mkato: walipima watu kwa MRI na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kwa pamoja, wakatafuta katika mawimbi ya umeme yanayopatikana juu ya ngozi ya kichwa muundo unaobashiri utendaji wa amigdala. Baada ya hapo EEG peke yake inatosha kutoa mrejesho. Kifaa kilichotokana na kazi hiyo, Prism, kilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2023, kitumike pamoja na tiba ya kawaida na si badala yake. Kibali chenyewe ni cha aina ya 510(k), kinachotolewa kifaa kikionekana kulingana kimsingi na kingine kilichokwisha kuruhusiwa. Hakina uzito wa kibali cha dawa mpya. Utafiti wake wa wagonjwa wa kiwewe ulikuwa wa vikao 15 ndani ya wiki 8, na theluthi mbili ya waliomaliza walipata nafuu ya maana miezi mitatu baadaye. Haukuwa na kundi la ulinganisho. Tazama tena pengo lilelile.

EEG ya kawaida ya kutuliza mawimbi ina historia ndefu zaidi. Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha mwaka 2016 jaribio la watu 52 wenye kiwewe sugu, vikao 24, na waliofunzwa walipata nafuu kuliko waliosubiri. Waliosubiri, si waliopewa mrejesho wa uongo. Huko mitaani na mitandaoni, kwa upande mwingine, kinachouzwa mara nyingi ni mkanda wa kichwani wenye elektrodi mbili au tatu kavu kwenye paji la uso. Elektrodi za hapo husikia zaidi misuli ya paji na kupepesa kwa macho kuliko kitu chochote cha ndani. Kulegeza paji la uso ni jambo jema, lakini halina uhusiano na amigdala.

Anayefikiria huduma ya aina yoyote kati ya hizi ana haki ya kuuliza, na kujibiwa kwa maneno yanayoeleweka: ni sehemu gani ya ubongo inayopimwa, na mnajuaje kwamba ni hiyo? Mnapima pumzi na mwendo? Dalili zangu zitapimwa na nani, kabla na baada, kwa kipimo gani, na tena baada ya miezi mitatu? Nikiganda au nikizidiwa katikati ya kikao mtafanya nini, na nani hasa atakuwepo? Kuna mzunguko wa bila skrini? Kituo kinachojibu kwa kuonyesha picha ya ubongo wenye rangi nyekundu na buluu hakijajibu. Rangi hizo huchaguliwa na fundi. Ubongo hauna rangi hizo.

Na lisisahauliwe swali la kwanza kabisa, kama mgonjwa amekwisha kupewa tiba zenye ushahidi mzito. Tiba ya kukabili kumbukumbu kwa muda mrefu huchukua vikao 8 hadi 15 vya kama dakika 90. Tiba ya kuchambua fikra za kiwewe huwa na vikao 12. Ipo ya kuongoza miendo ya macho, na ipo ya kusimulia maisha yote kwa mfuatano. Hii ya mwisho ilijaribiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ikitolewa na washauri wasio madaktari waliofunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuwa mazuri kuliko kufuatiliwa tu bila tiba. Haikuhitaji sumaku wala umeme. Sehemu ya wagonjwa hawaponi kwa tiba hizi, au huzikimbia katikati kwa sababu zinauma, na ni kwa ajili yao mrejesho wa ubongo unastahili kuendelea kutafitiwa kwa bidii.

Ombi langu kwa dawati lako la afya ni dogo. Mkichapisha habari ya mashine ya aina hii, wekeni katika aya ileile ya matokeo idadi ya wagonjwa, mrejesho waliopewa kundi la ulinganisho, na alama za dalili za makundi yote mawili. Taarifa kwa vyombo vya habari isipokuwa na takwimu hizo, waandikieni watafiti barua pepe muwaombe, huwa wanazo.

Wasalaam,
Msomaji wako katika fani ya upigaji picha za ubongo